Koili ya Bei Rahisi

Mimi nakata miti kwa msumeno wa injini. Zamani tulikuwa wawili. Mimi nilikata, mke wangu alisimama njiani kuzuia wapita njia. Hata dukani, yeye ndiye aliyeuliza maswali. Mimi nilibeba mfuko tu. Sasa ni marehemu, na nyumba imenizidi ukubwa.

Juzi koili ya msumeno ilikufa. Koili hupeleka umeme kwenye plagi, cheche itoke, petroli iwake. Muuza spea akanipa ya bei rahisi.

"Ni ileile, mzee. Boksi tu ndiyo tofauti."

Sikuuliza kitu. Nikaifunga mwenyewe.

Asubuhi msumeno uliwaka vizuri. Nikaanza kukata mti mkavu kando ya njia ya zahanati. Baada ya robo saa, injini ikazima. Nilivuta kamba mpaka bega likauma. Wapi. Mti ulikuwa umekatwa nusu, na upepo unavuma.

Mti wa hivyo hauachwi peke yake. Nikakaa njiani kuulinda. "Zungukeni kule, mti utawaangukia." Watu walizunguka, wakaenda zao. Injini ilipopoa, iliwaka. Ilipopata moto, ikazima tena. Hadi saa nane sikuwa na wa kunipa hata pole. Nililia, sioni haya kusema.

Ndipo akapita fundi wa pampu na misumeno. Wanamwita Mama Spana.

"Shikamoo, mzee. Umehamia huku?"

"Marahaba. Mashine imenigomea, mwanangu."

"Ikipoa inawaka, ikipata moto inazima?"

"Hivyo hivyo."

Hakukimbilia kulaumu koili. Alikagua waya wa swichi. Ulikuwa mzima. Akaweka plagi mpya, akaijaribu mbali na petroli. Injini ilikuwa ya moto, na cheche haikutoka.

"Basi ni koili. Joto linaishinda."

"Kwa hiyo za bei rahisi zote takataka?"

"Hapana, zipo nzuri. Lakini koili ya kampuni iliyotengeneza msumeno imepimwa kwa injini hii hii. Wewe unakata kutwa nzima, chukua hiyo. Na uliza. Ni ya modeli yangu? Ina dhamana? Ikiwa mbovu utanibadilishia? Halafu, uliacha nafasi gani kati ya koili na gurudumu la sumaku?"

"Kumbe kuna nafasi?"

Akacheka. "Ipo, mzee wangu. Zikigusana zinasagana. Zikiachana sana, cheche inakuwa dhaifu. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha msumeno. Nenda dukani, mimi nitalinda mti."

Nilimuuliza muuza spea yote matatu, moja baada ya jingine.

"Leo umekuja na maneno," akasema. Lakini alijibu, na dhamana akaiandika.

Tulifunga koili ya kampuni. Mama Spana alipima nafasi kwa kipande cha plastiki chenye unene ulioandikwa kitabuni. Kisha akasimama njiani. Nilikata nusu saa nzima, injini haikukohoa hata mara moja. Mti ukalala upande niliotaka, njia ikafunguka.

Akafuta mikono.

"Kesho unakata wapi?"

"Nyuma ya shule."

"Nani atasimama njiani?"

Niliinama, nikafuta vumbi la mbao kwenye msumeno.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili," nikamwambia.