Chakula cha Watoto Arobaini na Watano

Tekla aliamka saa kumi na nusu alfajiri, kama kila siku. Aliwasha jiko la gesi, akainjika maji ya chai, akaketi kwenye kigoda kuyasubiri. Macho yalijifumba yenyewe.

Tekla anakaa Kimara, lakini kazi yake iko Keko. Ni karani kwenye karakana ya samani. Kwenda ni magari mawili, kurudi ni magari mawili. Jioni akifika nyumbani miguu imevimba, na bado hajapika, hajafua, hajakagua madaftari ya mtoto.

Asubuhi ile binti yake, Bupe, alitoka chumbani akiwa tayari amevaa sare ya shule.

"Mama, nimewaambia."

"Umewaambia kina nani?"

"Darasa zima. Nimewaambia waje kwenye birthday yangu, Jumamosi ya wiki ijayo."

Tekla alifumbua macho. "Darasa zima mko wangapi?"

"Arobaini. Na wengine wana wadogo zao."

"Bupe, si nilikwambia mwaka huu hakuna sherehe?"

"Uliniambia. Lakini hukuniambia kwa nini."

Tekla alimimina chai, akampa mtoto, akaenda kuoga.

Kwa nini? Hata mumewe, Benson, hakuijua sababu. Tekla alikuwa akiibeba peke yake kwa mwaka mzima.

Mwaka jana Bupe alipotimiza miaka saba, Tekla alipika pilau la watoto thelathini. Alilipika kabla jua halijachomoza, kwa sababu baadaye angekuwa na kazi nyingine nyingi. Alifunika sufuria, akaizungushia blanketi ili pilau lisipoe. Sherehe ilipangwa saa sita mchana. Keki ikachelewa. Mvua ikanyesha. Watoto walikula saa tisa.

Jioni ile ile watoto watano walianza kutapika. Mmoja wao alikuwa Brightson, mtoto wa jirani. Yeye alitapika mpaka akashindwa kusimama. Walimkimbiza kituo cha afya, akatundikiwa dripu mbili. Kesho yake Mama Brightson alisema, "Labda ni zile ashikirimu za barabarani." Tekla alinyamaza. Tangu siku hiyo, kila alipomsalimia jirani yake, alitazama chini.

Siku mbili baada ya Bupe kuwaalika wenzake, Tekla aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni kwa Bupe. Alitaka kumwomba mwalimu awatangazie watoto kwamba sherehe haipo. Mwalimu alikuwa bado anafundisha. Tekla akasubiri karibu na jiko la shule, kwenye kivuli cha paa la mabati.

Humo ndani mama mmoja wa makamo alikuwa akikoroga uji kwa mwiko mrefu kama jembe. Huyo ni Demetria, mpishi wa shule. Kila siku ya shule anawalisha watoto mia tatu.

"Shikamoo mama," Tekla alisema.

"Marahaba. Mbona umesimama kama mgeni? Kaa kwenye benchi hilo. Wewe si mama yake Bupe? Mwenye birthday?"

"Na wewe umesikia?"

"Nimealikwa," Demetria alisema, akacheka.

Tekla alikaa. Labda ni uchovu, labda ni ule uji uliokuwa ukinukia vizuri. Alijikuta anamweleza mama yule habari yote: pilau, blanketi, watoto watano, dripu mbili. Demetria aliendelea kukoroga. Kisha akauliza:

"Ulipika saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Wakala saa tisa. Ni muda wa saa kumi. Na muda wote huo pilau lilikuwa la moto?"

"Lilikuwa vuguvugu."

"Basi ndiyo hilo. Vuguvugu ndiyo mbaya. Kuna vijidudu huvioni kwa macho. Vinaupenda sana wali, na vinapenda vuguvugu. Humo vinazaana. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili baada ya kutoka jikoni. Na kwa joto hili la Dar, mie hata hizo mbili sizingoji."

"Je, ningelipasha tena?"

"Kupasha kunaua vijidudu. Lakini vikiwa vimeshaacha sumu kwenye wali, sumu ile haiondoki kwa moto. Unaweza kuchemsha mpaka ukachoka."

Tekla alitazama mikono yake. "Kwa hiyo ni mie."

"Ni wewe," Demetria alisema taratibu. "Hukujua. Sasa unajua. Unataka kuwaambia watoto arobaini hamna sherehe, au unataka nikufundishe?"

Tekla aliegemea ukuta. "Nimechoka, mama. Sina nguvu ya kupika vyakula saba."

"Nani kakwambia saba? Toa kalamu."

Tekla alitoa kalamu kwenye pochi, akaandika nyuma ya bahasha.

"Kwanza saa," Demetria alisema. "Ukiwaita saa sita, unawalisha mchana, utapika pilau utake usitake. Waite saa nane. Watakuwa wamekula kwao. Kwako watakula kitafunio tu. Wale saa tisa, kumi na moja waende kwao."

"Wale vitafunio gani?"

"Vile ambavyo haviharibiki haraka, na vile vinavyotoka motoni vikaingia mkononi. Maandazi, mawili kila mtoto. Agiza kwa mama wa mtaani kwenu, usiyapike wewe. Ndizi mbivu, moja moja, ina ganda lake. Mahindi ya kuchemsha, nusu nusu, yatoke kwenye sufuria muda ule ule. Mayai ya kuchemsha, moja moja, yachemshwe mchana huo, yakae na maganda yake mpaka wakati wa kula. Tikiti, lioshe kabla hujalikata, na ulikate dakika ya mwisho. Keki ndogo ya kuimbia. Basi."

"Na juisi?"

"Maji. Yachemshe Ijumaa, yapoe, uyaweke kwenye ndoo safi yenye mfuniko na bomba. Watoto wakicheza juani wanataka maji. Ndoo nyingine ya kunawia, na sabuni. Mtu mzima mmoja asimame hapo. Mtoto asile kama hajanawa."

Tekla aliandika haraka. Demetria akanyoosha mwiko kama mwalimu mwenye fimbo.

"Usiweke karanga, usiweke bisi. Umesema kuna wadogo zao? Mtoto wa miaka miwili au mitatu anapaliwa na vitu hivyo. Na waulize wazazi mapema, kuna mtoto chakula fulani kinamdhuru? Wapo wa hivyo."

"Mama, watu watasema nimewapa watoto mahindi kwenye birthday."

"Watasema," Demetria alikubali. "Na watoto watalala salama."

Mwalimu alipotoka darasani, Tekla alimsalimia, akampa mwaliko badala ya katazo.

Jioni ile alimweleza Benson kila kitu. Benson alisikiliza, akakuna kichwa. "Mbona hukuniambia mwaka mzima?"

"Niliona aibu."

"Haya. Mie nitasimamia ndoo ya kunawia. Nyingine nigawie kadiri utakavyoona."

Tekla alituma ujumbe kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Wazazi walithibitisha kwamba watakuja watoto arobaini na watano. Mama mmoja alijibu: "Daniel wangu akila yai midomo inavimba. Asante kwa kuuliza, watu hawaulizagi." Tekla aliandika jina la Daniel kwenye bahasha, akalipigia mstari.

Jumamosi ilifika. Tekla aliamka saa moja asubuhi, jambo ambalo hakulizoea. Maandazi mia moja yaliletwa saa tano, ndani ya beseni lililofunikwa kitambaa safi. Saa saba sufuria ya mahindi na ile ya mayai zilikuwa zikichemka uani. Kazi haikuwa nyepesi. Mgongo ulimuuma, na jasho lilimtoka. Lakini hakukimbia huku na huku.

Watoto walianza kuingia saa nane. Mama Brightson alimleta mwanawe mwenyewe, akasimama mlangoni kidogo, akamtazama Tekla, kisha akaingia naye.

Saa nane na nusu gari dogo lilisimama nje. Akashuka dada mkubwa wa Benson, Mama Lusungu, kutoka Ukonga. Alikuwa amebeba sufuria kubwa iliyofungwa kwa kanga mbili.

"Shikamoo wifi," Tekla alisema.

"Marahaba. Nimesikia mnawapa watoto mahindi. Nikasema haiwezekani, mtoto wa mdogo wangu! Nimeamka saa tisa usiku, nimepika pilau la nyama kilo tano. Lete sahani."

Tekla aligusa sufuria. Ilikuwa vuguvugu.

Alisimama pale, mkono bado uko kwenye sufuria. Alikuwa amechoka. Kukubali kungekuwa rahisi. Wifi ni mkubwa wake, ametoka mbali, na amelala kidogo kuliko yeye. Uani watoto walikuwa wakiimba na kupiga makofi. Brightson alikuwa katikati yao.

"Wifi, asante sana," Tekla alisema. "Lakini pilau hili watoto hawatakula."

"Unasemaje?"

"Limekaa tangu alfajiri. Halifai tena."

Mama Lusungu alipandisha sauti. "Pilau langu? Mie nimepikia harusi na wewe hujazaliwa! Benson! Njoo umsikie mkeo!"

Benson alikuja na mikono yenye povu la sabuni. Wazazi wachache waligeuka kutazama. Tekla hakunyamaza safari hii.

"Wifi, mwaka jana mie nilipika hivi hivi. Alfajiri, nikafunika, nikawapa saa tisa. Watoto watano waliugua. Brightson alitundikiwa dripu. Hazikuwa ashikirimu za barabarani. Ni pilau langu." Alimgeukia jirani yake. "Mama Brightson, nisamehe. Nilipaswa kukwambia siku ile."

Mama Brightson alishusha pumzi.

"Nilijua, Mama Bupe," alisema. "Baadaye nilimuuliza Brightson alikula nini. Akasema: pilau, sahani mbili. Nilikuwa nangoja wewe mwenyewe useme. Mwaka mzima nimengoja." Kisha akauliza, sauti imelegea, "Hayo mayai nani anayamenya? Nipe kazi."

Benson alichukua sufuria mikononi mwa dada yake. "Dada, umetupenda, tumeona. Ila hili hapana." Akairudisha ndani ya gari. Mama Lusungu aliketi kibarazani amekunja uso, akamgeuzia kila mtu mgongo.

Saa tisa kamili watoto walipanga mstari. Walinawa kwa sabuni mmoja mmoja, Benson akiwasimamia kama askari wa lango. Mahindi yalitoka kwenye sufuria yakifuka mvuke. Tekla alimwekea Daniel sahani yake pembeni, haina yai, ina andazi la tatu. Tikiti lilikatwa hapo hapo, na mdogo wa mmoja wao alikula mpaka shati likawa jekundu. Hakuna mtoto aliyeuliza pilau liko wapi.

Baada ya keki, Mama Lusungu alikohoa.

"Nyie," alisema bila kugeuka, "hayo mahindi yamebaki?"

Tekla alimpelekea hindi zima.

Saa kumi na moja watoto walikwenda kwao. Usiku Tekla alilala na simu karibu na mto. Haikuita. Jumapili, akiwa kanisani, aliitazama mara nne. Haikuita. Mchana ujumbe uliingia kutoka kwa mama yake Daniel, naye Tekla akaufungua haraka. Ulisema hivi: "Mtoto anauliza sherehe nyingine lini."

Saa kumi jioni Tekla aliketi kwenye kochi, avue viatu tu. Alivua kimoja. Usingizi ukamchukua hapo hapo, kiatu cha pili bado kiko mguuni.

Benson aliingia akataka kuwasha televisheni. Bupe alimzuia kwa mkono. Alimvua mama yake kile kiatu, taratibu, akamfunika kanga, akakaa sakafuni karibu na miguu yake.

"Baba, usiwashe," alinong'ona. "Mwache alale."