Walezi Wakikimbilia Moto

"Tandala, unanisikia?"

"Nakusikia, mkuu."

"Mzigo usivuke ziwa. Ukishindwa kuuokoa, uharibu."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Dorice, ofisa usalama aliyeitwa Tandala redioni, akaongeza mafuta, pikipiki yake ya Honda ikaruka makorongo ya barabara ya Kasekese. Mbele yake, ndani ya vumbi, Land Cruiser ya kijani ilikuwa inakimbilia Karema, ambako boti ya mwendo kasi iliisubiri.

Amri ile ilimkera. Kuharibu ni neno jepesi ukiwa umekaa ofisini na feni inakupuliza.

Mzigo wenyewe ulikuwa kichupa kimoja cha hamira.

Hamira hiyo ilianzia kwenye mtungi wa pombe ya kienyeji huko Kasansa, ikafanyiwa kazi miaka mingi katika maabara ndogo pembeni ya mji wa Mpanda. Mtafiti wake alikuwa Denis, mdogo wake Dorice wa tumbo moja. Aliwahi kumweleza dada yake kazi hiyo nyumbani kwao Makanyagio, wakinywa chai, na kwa mara ya kwanza maishani Dorice akaelewa mambo ya maabara. Protini ni lazima zijikunje vizuri ndipo zifanye kazi, na ndani ya kila seli kuna walezi wa kuzisaidia. Seli ikiwa imetulia, walezi hao hao huwa wameishikilia swichi ya kutengeneza walezi wengine, wasije wakazidi. Joto likipanda, protini zinavurugika, nao wanaiacha swichi na kukimbilia kuziokoa. Swichi ikibaki huru inawaka, walezi wapya wanatengenezwa kwa wingi. Kazi ikiisha, wanarudi kuishika, inazimika.

Hamira ya Denis ilitoa kitu kilichoiwasha swichi hiyo bila joto lolote. Ndani ya ubongo wa mtu anayetetemeka, ambamo protini mbovu zimerundikana, walezi wa ziada wangeweza kusafisha.

Mama yao, Scolastica, alikuwa anatetemeka. Kikombe hakikai mkononi, kifungo hakiingii kwenye tundu lake. Kichupa kile ndicho kilichokuwa tumaini lake, na hakukuwa na kingine.

Asubuhi hiyo mwano, filimbi ya hatari ya sungusungu, ulikuwa umepigwa mjini. Huku, mwano wa sungusungu ukilia hakuna wa kubaki ameketi. Ukibaki, siku ukifiwa utazika peke yako. Bani la kukaushia tumbaku lilikuwa linawaka, na walinzi wa maabara, wote vijana wa sungusungu, waliacha lango wazi wakakimbilia moto. Waliporudi, kichupa kilikuwa kimechukuliwa na akiba yote iliyobaki imemwagiwa tindikali.

Ofisini walisema ni kazi ya mtaalamu kutoka nje. Dorice alikuwa na wazo lake, na hakulipenda. Washa moto, walinzi waache lango kama walezi wanavyoiacha swichi. Nani mwingine Mpanda nzima angepanga wizi kwa akili ya namna hiyo?

Akasimama kwenye mwinuko, akatoa darubini ya Nikon.

Kiti cha nyuma alikaa Denis, boksi la barafu mapajani. Hakufungwa kamba. Hakuna aliyemshikia bastola.

Dorice akaishusha darubini.

Alikuwa na Glock, na tairi lingelengeka. Ila kwa mwendo ule gari lingebiringika na Denis ndani yake. Bondeni kulikuwa na daraja, na baada ya daraja barabara ilinyooka. Hapo asingewapata tena.

Akashika filimbi iliyoning'inia shingoni. Alizaliwa huku, alijua inavyopulizwa.

Akapiga mwano.

Shamba la kwanza likaudaka, la pili likaudaka, ukakimbia kuliko Land Cruiser. Gari lilipofika darajani, watu wa Kasekese walikuwa wameshaziba njia kwa mkokoteni wa ng'ombe, fimbo na mapanga mikononi.

Dereva, mgeni aliyejiita Lambert, alishuka na Beretta. Dorice alikuwa ameshafika.

Risasi moja. Ya bega.

Beretta ikaanguka mtoni. Wanakijiji wakamfunga mgeni kwa kamba ya ng'ombe.

Denis akakimbilia kwenye muhogo na boksi lake. Hakufika mbali. Boksi likapigwa teke, kifuniko kikaruka, na kichupa kikapondwa chini ya buti za watu waliodhani wanafanya jema. Kisha fimbo zikaanza kumshukia.

Dorice akapiga risasi hewani. Hakuna aliyegeuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyewaita.

Akapenya katikati yao. Akafunga pingu moja kwenye mkono wa Denis, ya pili kwenye mkono wake mwenyewe, akamlalia. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni.

"Mimi ni serikali," alisema. "Nyie mkimpiga huyu mnanipiga mimi."

Mzee Josephat, kamanda wa sungusungu wa pale, akainua mkono. Alisema kazi imeisha, kila mtu arudi shambani kwake. Walirudi wakihema, wengine wakinung'unika.

Denis alifuta damu mdomoni. "Waliniahidi maabara kubwa, dada. Walisema watatengeneza dawa, mama awe wa kwanza."

Lambert alicheka pale chini alipofungwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri.

"Dawa? Sisi tunauza vidonge vya kutuliza kutetemeka. Mgonjwa ananunua mpaka anakufa. Tulitaka kichupa hiki kisiwepo, kingeishia ziwani, basi."

Denis aliangalia vumbi lililolowa pale kichupa kilipopondwa, akalia kwa sauti. Dorice hakumbembeleza. Alimchukia mdogo wake kwa ujinga ule, na alijichukia kwa filimbi ile, na hakujua chuki ipi ilikuwa kubwa.

"Tandala, mzigo vipi?"

"Haujavuka, mkuu."

"Safi sana. Njoo ofisini, wakubwa wanataka kukupongeza."

"Sitaweza."

Akazima redio.

Gari la polisi lilipofika, alijifungua pingu na kuwakabidhi wote wawili. Denis akamwita akiwa ameshapakiwa.

"Dada, mama namlisha mimi. Uji usiwe wa moto. Na kichwa umshikie, la sivyo unampalia."

Dorice alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa amemlisha mama yake hata siku moja.

Akarudisha Glock kiunoni, akajipangusa vumbi, akavaa helmeti na kuondoka bila kugeuka. Aliendesha taratibu kuelekea Makanyagio, akitafuta la kumjibu mama atakapouliza mbona leo kijiko kimeshikwa na mkono mwingine.