Mishono Kumi na Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kufagia uwanja na kumwamsha mdogo wake. Zote tatu alizimaliza kabla wengine hawajafunga kamba za viatu. Vyombo vilioshwa upande mmoja, ule unaoonekana. Uwanja ulifagiwa katikati. Mdogo wake alivutwa shuka, kisha akaachwa aendelee na shughuli zake, yaani kulala tena.

Jina la Redio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa zima, kwa kuwa alianza kusema asubuhi na hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwandiko mzuri, na maneno mengi kuliko kurasa za daftari lake. Baba yake, fundi viatu mwenye kibanda kidogo karibu na kituo cha mabasi, alimpenda hivyohivyo alivyo. Binti akiwa kibandani, wateja walisahau kwamba viatu vyao vilikuwa tayari tangu zamani.

Siku moja darasa lao lilipelekwa makumbusho. Mwalimu wao, bwana mrefu aliyekuwa na chaki mfukoni hata siku za mapumziko, aliwapa kazi moja tu mlangoni. Kila mmoja achague kitu kimoja, akitazame mpaka kengele ilie, kisha aandike alichokiona kwa macho yake. Alipokwisha kusema hayo alikimbilia chumba cha pili, ambako wavulana wawili walikuwa wameshapanda ndani ya mtumbwi wa maonyesho na wa tatu anawasukuma.

Redio alichagua kibuyu kilichokuwa ndani ya kabati la kioo. Sababu yake ilikuwa nzito: kati ya vitu vyote chumbani, kibuyu ndicho kilichokuwa na kadi ndefu ya maelezo. Aliinakili kadi yote, kwamba kibuyu kile kilitumika kuhifadhia maziwa, kwamba kilikaushwa juani na kupakwa mafuta. Kisha akatoka, akakaa kivulini kwenye ngazi za nje na kuongeza ya kwake. Aliandika kwamba alikitazama kibuyu kwa muda mrefu sana, na kwamba kilikuwa kizima, laini, bila hata mkwaruzo, utadhani kimetengenezwa jana. Ukajaa ukurasa mmoja na nusu. Muda uliobaki aliutumia kuhesabu magari mekundu yaliyopita barabarani.

Ndani, mbele ya kabati lile lile, rafiki yake aliyeitwa Kobe alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunja, anatazama. Kobe hakuwa na haraka na jambo lolote duniani. Akianza kunoa penseli, wenzake wanaweza kucheza kipindi kizima cha mpira wakarudi na kumkuta anakagua ncha. Kengele ilipolia, mama mtunzaji wa makumbusho, mwenye miwani ya kuning'inia na kifungu cha funguo kiunoni, ilibidi amguse begani.

Jumatatu Mwalimu alisoma karatasi moja mbele ya darasa, nayo ilikuwa ya Redio. Akasema lugha yake imenyooka na bidii yake inaonekana. Akaongeza kwamba Jumamosi wazazi wamealikwa makumbusho. Karatasi chache zilizo bora zitabandikwa ukutani, na kila mwandishi atasimama kando ya kitu chake kuwaeleza wageni. Kwa kibuyu, atasimama Redio. Kobe, ambaye aliandika nusu ukurasa tu na nyuma yake akachora, alirudishiwa karatasi yenye maneno mawili kwa wino mwekundu: "Ongeza kasi."

Baba yake Redio alipopata habari aliweka nyundo chini. Hakuwahi kuingia makumbusho maishani mwake. Alidhani ni mahali pa wenye tai. Sasa akatangaza kwamba Jumamosi atafunga kibanda, na huyu ni mtu aliyewahi kwenda kazini shavu limevimba kwa jino, akashona soli huku analia machozi. Kuanzia hapo hakuna mteja aliyeondoka bila kuelezwa kuhusu binti yake na kibuyu. Hata aliyekuja kuulizia njia ya kwenda posta aliipata habari hiyo kwanza, njia baadaye.

Redio naye alikuwa angani. Alishushwa na Kobe, wakati wa kurudi nyumbani, kwa swali dogo lisilo na ubaya wowote. Kobe alitaka kujua kwa nini ameandika kwamba kibuyu ni kizima.

"Kwani si kizima?" Redio akauliza.

"Kimeshonwa," alisema Kobe. "Kina ufa kuanzia shingoni hadi tumboni, umeshonwa kwa uzi. Mishono kumi na saba. Nilihesabu mara mbili."

Redio alicheka, akamwambia labda aliona kivuli. Lakini usiku huo hakulala vizuri, na kesho yake baada ya masomo alipita makumbusho akiwa na sare yake. Alimwamkia mama mtunzaji, akaitikiwa na kuruhusiwa kuingia. Hakuhitaji hata kuinama. Ufa ulikuwa pale pale mbele, mrefu kama kidole cha mtu mzima na nusu yake, na mishono imeupanda kama ngazi. Mtu mwenye macho mawili na dakika moja asingeweza kuukosa. Redio alikuwa na macho mawili.

Hapo wengi wetu tungefanya alichofanya Redio: alitafuta njia ya mkato. Alimwomba Kobe mchoro wake, akasema anataka tu kurekebisha vitu vidogo kabla ya Jumamosi. Kobe akampa bila kuuliza. Ndivyo Kobe alivyo. Redio akaenda nao kibandani, akakaa kwenye kigogo chake, akaanza kuandika upya: "Nilipokitazama vizuri, niliona mishono kumi na saba..."

Baba yake alinyoosha mkono kuchukua gundi na macho yake yakatua kwenye mchoro. Aliacha gundi, akafuta mikono kwenye aproni na kuuinua ule mchoro kwenye mwanga.

"Huyu alikuwa fundi," alisema taratibu. "Tazama, matundu ameyatoboa mbali na ufa. Angetoboa karibu, kibuyu kingepasuka zaidi. Na uzi hakuukaza sana." Akasogeza kidole chini. "Lakini hii mitatu ya mwisho si ya mkono wake. Imepinda, tena uzi wake mwembamba. Hapa alimwachia mtu anayejifunza. Labda mtoto wake. Sina hakika, lakini mimi ningefanya hivyo."

Redio hakuwa ameiona hiyo mitatu. Si siku ile ya darasa, si aliporudi peke yake. Lakini Kobe alikuwa ameichora, kila mmoja na upinde wake.

"Na wewe uliyaona yote haya?" baba akamuuliza. Uso wake ulikuwa umechanua kiasi kwamba Redio alishindwa kuutazama. "Mama, una jicho la fundi. Jicho kama hilo halifundishwi."

Redio aliitazama sentensi aliyokuwa ameianza. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Baba angefurahi, Jumamosi ingefika, wageni wangepiga makofi, na Kobe asingesema neno. Kila kitu kilikuwa tayari, kilibaki kichwa kushuka na kupanda mara moja.

"Si mimi, Baba," alisema. "Ni Kobe. Mimi nilinakili kadi, nikaenda kukaa nje."

Akamwambia yote, pamoja na magari mekundu. Baba yake aliusikiliza mkasa mzima akiwa ameushika mchoro kwa ncha za vidole, kama kitu cha mwenyewe kinachopaswa kurudi salama. Hakugomba. Alitia uzi kwenye sindano, akakosa tundu mara mbili, akapata mara ya tatu. Kisha akasema kesho amweleze Mwalimu hivyohivyo, asipunguze hata gari moja. Kuhusu Jumamosi, kibanda kitafungwa vilevile. Ameshawaambia watu wengi mno, na zaidi ya hayo, anataka kuiona ile mishono mitatu.

Asubuhi Redio alisimama mbele ya meza ya Mwalimu ofisini. Alimrudishia karatasi yake mwenyewe, akaweka na mchoro wa Kobe kando yake, akaeleza. Sauti iliyozoea kusikika hadi geti la shule siku hiyo haikufika hata kwenye kabati la vitabu. Mwalimu alizisoma karatasi zote mbili upya. Nusu ukurasa wa Kobe aliusoma polepole, akaugeuza, akakaa na mchoro muda mrefu. Halafu alitoa kalamu yake nyekundu na kuyakata yale maneno mawili.

"Mimi pia sikukitazama kibuyu," alisema. "Nilikuwa nashusha watu kwenye mtumbwi. Nikaja kupima karatasi kwa urefu wake. Tumekosea wawili, wewe na mimi."

Alimpa Redio adhabu ya kuandika kazi yake upya, safari hii akiwa amekaa sakafuni mbele ya kabati la kibuyu. Nafasi ya Jumamosi ikaenda kwa mwenyewe.

Jumamosi ilipofika, Kobe alisimama kando ya kabati la kioo. Redio alipangiwa mlangoni kuelekeza wageni, kazi aliyoifanya kwa nguvu hata waliokuwa wanapita kwenda sokoni wakajikuta ndani. Mwanzoni alihofia rafiki yake ataharibu, maana Kobe alizungumza kwa sauti ndogo mno. Wageni walimwambia apaze, akapaza kidogo tu, ikabaki ndogo. Basi ikabidi wao wamsogelee. Wakasogea mpaka pua zikakaribia kioo, na wakiwa hapo, mmoja akaona uzi, mwingine akaanza kuhesabu, bibi mmoja akavaa miwani ya mwenzake. Hakuna kitu kingine siku ile kilichokuwa na umati kama kibuyu kilichopasuka.

Fundi viatu alikuwa mstari wa mbele, ndani ya shati lake la kupigia picha. Alimuuliza Kobe maswali ya kifundi, na Kobe alijibu yote. Lile moja lililomshinda alisema hajui. Baba akamwambia hilo nalo ni jibu zuri.

Wageni walipopungua, Mwalimu aliwakusanya wanafunzi wake kando ya kabati.

"Jina la aliyetengeneza kibuyu hiki hatulijui," aliwaambia. "Kadi inatuambia kilitiwa maziwa, na hiyo ni kweli. Lakini kadi haisemi kwamba siku moja kilipasuka, na nyumba ile haikukubali kukitupa. Mtu alikaa chini akakishona vizuri, na huenda akamfundisha mwingine. Huo ndio utamaduni wao, umeandikwa kwa uzi, na anayeusoma ni yule anayetulia. Tunakuja makumbusho kuwatazama watu waliotutangulia. Kuwatazama ni heshima. Ukiandika kwamba umeona na hukuona, umewadanganya wanaokusoma, na hao wa zamani umewapita bila hata salamu."

Hakuna aliyecheka, wala wale wa mtumbwi.

Jioni mama mtunzaji alipita vyumbani akifunga madirisha. Katika chumba cha mwisho alikuta fundi viatu na binti yake wamepiga magoti mbele ya kigoda cha mbao, vichwa vimeinama karibu vigusane na sakafu. Kadi ya kigoda ilikuwa juu yao na hakuna aliyekuwa ameisoma. Baba alishikilia kwamba mguu uliobadilishwa ni wa kushoto. Redio alinong'ona kwamba atazame tena, ni wa nyuma, rangi ya mti wake si moja na mingine.

Mama mtunzaji alizishika funguo zisilie, akasubiri.