Nyuso za Kisogoni

Garikaa lilikuwa na miguu minane, na lilitembea juu ya tope kama kaa halisi anavyotembea, ubavu ubavu, bila kuzama. Ndani ya kuba lake la kioo walikaa watu watatu, na chai iliyokuwa vikombeni haikumwagika hata tone. Hivyo ndivyo watalii walivyoingia siku hizo katika msitu wa mikoko wa Shyamkhali, pwani ya Bengali, kule India, kutafuta chui milia. Zamani mtu aliweza kushinda humo juma zima akaambulia nyayo tu. Sasa hapakuwa na kutafuta. Chui aliitwa, akaja.

Kazi ya kumwita ilifanywa na mtambo ulioitwa Mwita. Kila chui milia wa msitu ule alikuwa amevishwa ukanda mwembamba shingoni, na ukanda huo ulipeleka utamu kidogo ndani ya ubongo wake kila alipopiga hatua kuelekea mahali Mwita alipotaka. Haukumuumiza. Alihisi tu kwamba upande huu ni mzuri kuliko ule, kama mtu anavyovutwa na harufu ya maandazi asubuhi bila kuambiwa na yeyote.

"Anakuja?" aliuliza Bi Kidawa.

"Anakuja, mama," alijibu binti yake, Siwatu, akimwonyesha ubao wa mwanga uliokuwa mbele yao. "Ile nukta ya njano ndiye yeye."

"Mimi naziona mbili."

"Ni mmoja, mama. Ni macho yako hayo."

"Basi nimepata faida."

Bi Kidawa alikuwa ametoka Utete, Rufiji. Nuru ya macho yake ilikuwa inakwisha kutoka pembeni kuja katikati, kwa ugonjwa ambao hata madaktari wa zama hizo hawakuupatia dawa. Alikuwa ameomba jambo moja tu: amwone chui milia kwa macho yake kabla giza halijafunga. Siwatu alikuwa na njia ya kulitimiza ombi hilo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa injinia wa Mwita. Alifanya kazi hiyo akiwa Dodoma, mbele ya ubao kama huu, na msitu wenyewe hakuwahi kuukanyaga mpaka siku hiyo.

Mtu wa tatu aliitwa Haripada. Alikuwa mwongoza wageni, mwenyeji wa Shyamkhali, na aliitwa dereva ingawa garikaa halikuwa na usukani. Lilifuata njia yake lenyewe. Kazi yake ilikuwa kueleza habari za msitu na kumimina chai. Walisikilizana kwa vikalimani, vijidude vidogo vya kuvaa sikioni vilivyogeuza Kibengali kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kibengali. Alimwita Bi Kidawa "Mashima", yaani mama mdogo, na kwa Siwatu alitumia "Didi", yaani dada. Kabla hawajatoka gatini alikuwa ameukunja mtandio wake mwenyewe na kuuweka nyuma ya kiuno cha Bi Kidawa, bila kuombwa. Tena alipoona mikono ya bibi inatetemeka kidogo, alimjazia kikombe nusu tu, akawa anamwongezea mara kwa mara.

"Mkeo anafanya kazi gani, baba?" Bi Kidawa alimuuliza.

"Malati? Analina asali, Mashima. Na leo yeye na wenzake wako humu humu msituni, ng'ambo ya mikondo miwili. Yeye ndiye mkubwa wao."

"Na wewe mwanamume umekaa hapa unamimina chai?"

Haripada alicheka mpaka akaweka birika chini. "Nyuki akiniuma navimba mwili mzima. Malati husema aliolewa na mwanamume, lakini kila msimu wa asali anauguza andazi."

Bi Kidawa alicheka naye. "Mwambie nimempenda kabla sijamwona."

"Utamwona mchana. Amesema atakuletea sega zima, kwa kuwa umetoka mbali."

Siwatu aliwasikiliza akitabasamu. Mwita alihitaji kujua watu wako wapi, na ni watu wa namna gani. Kwa hiyo vijicho vidogo kama mbegu za papai vilikuwa vimebandikwa kwenye mikoko msitu mzima, na Siwatu ndiye aliyevifundisha kumtofautisha mtalii na mtu wa kazi. Mtalii huinua uso akautazama msitu, na hutazama kwa muda mrefu. Mtu wa kazi huinama, uso wake hauonekani. Mwita alimpeleka chui kwenye nyuso zilizotazama, tena zaidi kwenye nyuso nyingi, na njia aliyomchagulia ilipita mbali na watu walioinama. Katika kazi zake zote Siwatu aliipenda hiyo kuliko nyingine. Alikulia kando ya mashamba ya mpunga, akimtazama mama yake ameinama majini huku viboko wakikoroma mtoni, na alijua mtu aliyeinama anahitaji mwingine wa kumlindia mgongo.

Nukta ya njano ilikuwa imeshavuka mkondo wa kwanza. Bi Kidawa alisogea mbele, akashika kioo kwa viganja vyote viwili.

Mara nukta ikasimama. Ikageuka. Ubao ukasema kwa sauti ya upole: "Samahani, wageni wetu. Kuna wageni wengine wanaosubiri kwa subira kubwa zaidi. Zamu yenu itafuata."

"Wageni gani?" alisema Siwatu. "Asubuhi hii garikaa ni letu peke yake."

Alifungua upande wa mainjinia, akasoma. "Nyuso saba. Zinatazama bila kupepesa. Hata mara moja! Hivi kweli kuna mtu anayeweza..."

"Didi," alisema Haripada. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Nyuso hizo ziko wapi?"

"Ng'ambo ya mikondo miwili. Upande wa mashariki."

"Hizo si nyuso. Ni vinyago."

Alieleza upesi, na vikalimani vikawa vinamfuata kwa taabu. Chui milia humrukia mtu kutoka nyuma. Hapendi kumrukia mtu anayemtazama. Kwa hiyo tangu enzi za mababu, walina asali wa Shyamkhali walivaa vinyago visogoni, ili mgongo nao uwe na uso. Mwita alipokuja, watu waliviweka vinyago darini, maana waliambiwa chui hatawasogelea tena. Lakini chui aliyezoea kuitwa kwa watu aliacha kuwaogopa watu. Alionekana karibu na visima, karibu na mazizi. Msimu huu Malati aliviteremsha vinyago vya zamani, akavipaka rangi upya, akavichora macho makubwa.

"Alisema anataka macho yasiyolala," alisema Haripada.

Siwatu hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mlina asali anapoinama, kinyago cha kisogoni huinuka. Kadiri mtu anavyoinama kufanya kazi yake, ndivyo ule uso wa mti unavyoutazama msitu. Vijicho vyake viliona watalii saba wenye subira kuliko watalii wote duniani, na Mwita akawapelekea chui.

"Wapigie simu!" alisema Bi Kidawa.

"Hawabebi simu, Mashima. Mtetemo wake huwachafua nyuki."

"Basi twende huko!"

Haripada alinyoosha mikono yake mitupu. Garikaa liliendelea na njia yake, ubavu ubavu, polepole. Halikuwa na honi, ili msitu usisumbuliwe. Kuba halikufunguka nje ya gati, ili wageni wawe salama. Haripada alipiga kelele hata hivyo, akaita jina la mkewe, na sauti yake ikagonga kioo ikamrudia.

Siwatu alikuwa ameshampata Devraj, mtu wa zamu katika Kituo cha Mwita, aliyefahamiana naye kwa miaka kupitia sauti tu.

"Zima Mwita, Devraj. Zima mtambo wote. Kuna watu pale, wanafanya kazi."

"Ninaona wageni saba, dada yangu."

"Ni vinyago! Nakuapia."

"Nakuamini. Lakini kuzima kunahitaji vidole viwili, changu na cha mkubwa wangu. Nakwenda kumtafuta. Nakimbia." Kweli walisikia kiti kikianguka na miguu ikikimbia.

Nukta ya njano ilikuwa inauvuka mkondo wa pili.

"Siwatu," Bi Kidawa alisema, "umesema huyo Mwita anapenda wanaotazama. Tunaweza kumpokonya chui?"

"Sisi watatu, wao saba, mama."

"Sikukuuliza hesabu. Tunaweza kujaribu?"

Basi wakajaribu. Walikaa bega kwa bega, wakainua nyuso zao kwenye mikoko, wakakodoa macho. Jua lilikuwa linapiga juu ya tope na kurudi machoni. Machozi yalianza kumtoka Siwatu, kisha Haripada, na wote wakayaacha yatiririke bila kuyafuta. Bi Kidawa, ambaye macho yake yalikauka haraka na kuhitaji dawa ya matone, aliyashika makope yake kwa vidole, la juu kwa mkono mmoja, la chini kwa mkono mwingine, kama mtu anayezuia mlango.

Nukta ikapunguza mwendo. Ikasimama. Ikageuka kidogo, upande wao.

"Anasikia," Siwatu alinong'ona. "Mama, anasikia."

Walitazama. Garikaa likakanyaga mzizi, likayumba, na kidole cha Bi Kidawa kikateleza. Akapepesa. Papo hapo Siwatu naye akapepesa, kwa kuwa jicho likishaanza halina adabu.

Nukta ikarudi kwenye njia yake.

"Ni mimi," alisema Bi Kidawa. "Mimi ndiye niliyepepesa."

"Hapana, Mashima," alisema Haripada. Macho yake yalikuwa mekundu, hayakubanduka kwenye ubao. "Sote tulipepesa."

Sauti ya Devraj ilirudi, ikihema. "Nimezima! Tumezima, dada. Haitwi tena."

Wote watatu waliitazama nukta. Haikusimama. Ilikuwa imekaribia mno, na pua ya chui ilikuwa imeshapata harufu ya jasho, ya moshi na ya asali. Mwita alikuwa na utamu wa kumleta chui penye nyuso tu. Utamu wa kumrudisha hakuna aliyewahi kuutengeneza, maana hakuna mtalii aliyewahi kuuomba.

"Sasa anakwenda mwenyewe," alisema Siwatu, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nukta iliingia katikati ya nyuso saba. Ikakaa hapo.

"Wageni wamehudumiwa," ubao ukasema.

Nyuso saba zilibaki zinang'aa pale pale ubaoni, wala haukuwapo mtambo uliojua kama nyuma ya kila kinyago kulikuwa na mtu aliye hai. Garikaa halikujua habari hizo. Lilitembea. Lilisimama mahali palipopangwa, likawaonyesha ndege mdiria mwenye mgongo wa buluu akila samaki, likasubiri wamfurahie, kisha likaendelea. Bi Kidawa alikuwa ameushika mkono wa Haripada, na Haripada aliuacha ushikwe.

Walipofika gatini, walina asali walikuwa wanatoka mikokoni upande wa pili wa tope. Watu sita walitembea. Wa saba walimbeba katika shuka, na miguu iliyochungulia ilikuwa na vikuku vya mwanamke. Kuba lilipofunguka Haripada hakungoja ngazi ishuke. Aliruka, akazama mpaka magotini, akaenda hivyo hivyo akijivuta kwenye tope.

Siwatu na mama yake walisimama gatini. Hawakujua waende au wakae. Mwanamke mmoja wa makamo kati ya walina, jina lake Jamuna, alikuja pale penye mtungi wa maji kunawa damu mikononi. Alimwona Bi Kidawa na macho yake yaliyovimba. Alinawa, akajifuta, akateka maji safi katika kikombe, kisha akayamwaga taratibu katika viganja vya bibi ili aoshe macho.

"Pole, mama," alisema Jamuna, kana kwamba msiba ulikuwa wa mgeni. "Malati alikuwa ameinama. Hakuona kitu. Hatukusikia hata sauti yake."

Haripada aliinua kichwa kutoka kule alikopiga magoti. "Huyo ni Didi injinia," alimwambia Jamuna. Hakuwa na ukali. "Yeye ndiye anayeyajua macho ya msitu."

Jamuna alimgeukia Siwatu. Kinyago chake kilikuwa kinaning'inia shingoni kwa kamba, kikitazama pembeni kwa macho makubwa meupe. Alikishika, akakigeuza mkononi.

"Kama unayajua, Didi, tusaidie," alisema. "Asali bado iko mitini, na msimu wenyewe ni mfupi. Nyumbani watu wanataka kula. Kesho tuvivae, au tusivivae?"

Siwatu alifikiria. Wakivivaa, Mwita akiwashwa tena angewaona wageni wenye subira. Wasipovivaa, mgongo ungebaki mtupu, na chui walikuwa wameshafunzwa kwamba mtu si wa kuogopwa. Alifikiria mara ya pili, kutoka upande mwingine, akafika pale pale. Alimtazama mama yake, kama alivyofanya utotoni mwalimu alipomuuliza swali mbele ya wageni. Bi Kidawa aliinamisha uso wake uliolowa.

Jamuna alisubiri. Hakuwa na haraka wala hasira. Alikuwa ameteka kikombe cha pili cha maji, akakishika kwa mikono miwili mbele ya injinia, ili anywe kwanza ndipo ajibu.