Usimwitikie

Magharibi, fundi cherehani alikuwa uani akianua nepi. Mumewe, dereva wa lori, alizikwa mwezi mmoja kabla mtoto hajazaliwa, na tangu hapo moyo wake ulikufa ganzi. Watu walimwambia alie. Alie kwa machozi yapi?

"Mama..."

Sauti ilitoka dirishani.

"Abee," akaitika kwa mazoea, huku kabana vibanio mdomoni.

Ndipo akakumbuka. Mwanawe alikuwa na miezi miwili.

Dirishani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kopo tu, lenye mmea mdogo ambao mumewe aliutoa nyikani, wenye majani manene kama vidole vya kichanga.

Kesho yake maziwa yakamkauka. Mtoto akalia hadi sauti ikamwisha. Maziwa ya dukani aliyatapika yote, mbavu zikaanza kuhesabika. Mmea, uliokuwa haujaonja hata tone la maji, ukanenepa... ukatoa ua jeupe.

Siku ya sita mama mkwe akaja. Aliliona lile ua, akaminya jani kwa ukucha.

Yakachuruzika maziwa. Ya uvuguvugu.

"Mwanangu," alinong'ona, "uliitwa ukaitika?"

"Niliitika, mama."

Mama mkwe akaketi sakafuni. "Mumeo aliung'oa juu ya kaburi la mtoto. Nilimkanya, akanicheka. Ung'oe wewe mwenyewe. Ataita. Usimwitikie, hata akulilie vipi."

Akavuta. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko kopo lenyewe.

"Mama..."

Akanyamaza, akavuta.

"Mama, kiu..."

Akanyamaza. Ukatoka wote, akautia kwenye jiko la mkaa.

Papo hapo kifua kikaloa. Mtoto alinyonya hadi akacheua, mama mkwe akabubujikwa na machozi ya furaha. Yeye hakuhisi kitu. Alimtazama tu mwanawe.

Mtoto akaachia titi, akamkazia macho.

"Mama," akasema.

Sauti ile ile.

Sasa mtoto ana miaka minne, mnene, mcheshi, kipenzi cha mtaa. Mama yake anamwogesha, anamlisha, anamshonea nguo nzuri. Majirani wanamteta kwamba ana roho ngumu, maana mtoto anaita kutwa nzima naye ameinamia cherehani. Neno linamfika hadi kwenye ncha ya ulimi. Analimeza.

Hajamwitikia hata mara moja.