Mke Asiyesema Neno

"Waulize kuhusu mandhari, waulize kuhusu ukame, basi," Garth alisema, akiwa ameziba mlango wa jiko dogo la maktaba. "Tukimaliza tunakula keki, tunaenda nyumbani."

Ailsa Trewin alikuwa anapanga vikombe. Hakugeuka.

"Mimi ni mwalimu wa fasihi, Garth. Nikichambua hadithi, naichambua yote."

"Uliniahidi."

"Niliahidi kutosema tulichofanya. Sikuahidi kutosoma ulichoandika."

"Ailsa, mpenzi, harusi iko mlangoni. Usinifanyie hivi mbele ya baba."

"Shika hiyo sahani, pitisha kule mbele. Watu wanasubiri."

Garth akaishika sahani ya keki za nazi, sura imemkaa vibaya.

Ukumbini kulikuwa kumejaa. Kwa kawaida kikundi cha wasomaji wa Wilgarra huwa ni akina mama wachache na mzee mmoja anayekuja kwa ajili ya chai, lakini jioni ile hata wanaume wa baa walikuja wakiwa wameoga. Ni mji mdogo wa wafugaji wa kondoo, kaskazini mwa Australia Kusini, na hadithi ya kujadiliwa ilikuwa imeandikwa na mtu wao. Garth Pascoe, mfugaji mwenzao, alikuwa ameshinda tuzo mjini Adelaide kwa hadithi fupi iitwayo Shimo. Kila aliyepita alimpiga mgongoni, na yeye alikivaa kile kilemba cha ukoka kikamkaa sawasawa.

Aliyejua uongo wa hadithi ile alikuwa mchumba wake, Ailsa, peke yake.

Mwaka ule ukame ulipopamba moto, kondoo wa akina Pascoe walikonda hadi wenye malori wakakataa kuwabeba. Shimo la kuwazika likachimbwa. Na desturi ya kule haina mjadala: mwenye kondoo huwaua kwa mkono wake mwenyewe. Hakodi mtu, haiti jirani. Mzee Merv, baba yake Garth, alikuwa amelazwa hospitali na nyonga iliyovunjika. Kwa hiyo zamu ilikuwa ya Garth. Akachukua bunduki, akafika kwenye uzio, akakaa chini na kulia. Hakuinuka tena. Ailsa akaitoa ile bunduki mapajani mwake, akaenda kuifanya kazi yenyewe hadi mwisho.

Wakakubaliana mji uambiwe ni Garth. Ailsa aliibeba siri hiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu alimpenda na alijua wanaume wa baa wangemtafuna mpaka mifupa. Angeibeba hadi kaburini. Kisha ikaja hii hadithi, na humo ndani mume anapiga risasi akiwa ameuma meno, huku mke yuko jikoni anachemsha chai na kulia kwenye aproni. Ailsa alipoisoma mara ya kwanza alihisi kama amepigwa kofi na mtu anayemchekea.

Akasimama mbele ya ubao, kalamu mkononi.

"Tuanze na msimulizi. Hadithi hii anaisimulia nani?"

"Mwanamume," alijibu Bi Nola Kriewaldt, mjane mwenye kondoo wengi na ulimi mkali kuliko wote mjini. "Mimi, mimi, mimi, toka juu mpaka chini. Marehemu wangu naye alikuwa hivyohivyo."

Watu wakacheka. Garth naye akacheka, kidogo.

"Na nafsi ya kwanza inamsaidia nini mwandishi?"

"Unamwamini," alisema Clem, muuza dawa za mifugo. "Unaona kabisa kwamba huyu alikuwepo."

"Mtindo wa sentensi zake je?"

"Fupifupi, hazina mapambo. Mtu anaongea kama hataki kuongea. Ndivyo tulivyo huku."

"Vizuri. Na mke?"

Karatasi zikafunuliwa. Bi Nola akashusha miwani.

"Mke analia. Halafu anachemsha chai. Halafu analia tena. Mwanangu Garth, huyu dada hana jina, hana hata neno moja. Mimi hata nikilala huwa siko kimya kiasi hicho."

"Ni makusudi, Bi Nola," Garth alisema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Ukimya wake ndio maudhui. Unawakilisha huzuni ya ardhi."

"Ya ardhi," Ailsa alirudia.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ardhi inachemsha chai."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na Garth hakushiriki. Simu ya Ailsa ikatetemeka mezani. Ujumbe ulikuwa wa Garth: "Inatosha. Baba anasikiliza. Kama unanipenda, ishia hapo."

Ailsa akajibu papo hapo: "Nakupenda. Ndiyo maana nakusoma kwa makini."

Akaiweka simu kifudifudi.

"Clem, tusomee aya ya shimoni."

Clem akasafisha koo. "'Nilianza na waliokuwa wameshaanguka, ili waliosimama wasidhani nimewafuata wao. Bunduki ilinipiga bega la kushoto hadi mkono ukafa ganzi. Kila mmoja nilimwambia, samahani, mama, kisha nikafyatua.'"

Hakuna aliyecheka. Wengi mle walikuwa na mashimo yao wenyewe.

"Mnaona nini hapo?" Ailsa aliuliza.

"Ndiyo aya nzuri kuliko zote," Bi Nola alisema polepole. "Lakini hapo anaongea mtu mwingine. Yule wa mwanzo alikuwa anajisifu. Huyu hajisifu."

"Soma tena hapo kwenye bega," ilisema sauti kutoka mstari wa mbele. Alikuwa Mzee Merv.

Clem akasoma tena.

"Garth nilimfundisha kulenga mimi mwenyewe," mzee alisema. "Anatumia bega la kulia. Hata ukimbadilishia, hapati."

"Baba, hii ni fasihi. Mtu anabuni."

"Kuna vitu mtu anabuni, mwanangu. Hilo umelisikia kwa aliyeumia."

Mzee akageuza shingo kumtazama Ailsa, na ukumbi wote ukafuata macho yake hadi kwenye ubao, hadi kwenye mkono wake wa kushoto ulioshika kalamu. Garth mwenyewe ndiye aliyemkanda dawa bega lile, siku ileile, huku Ailsa akimweleza kila kitu. Maneno yalikuwa mazuri mno kuyaacha, na alipoyachukua alilichukua na bega.

Garth akainuka, akatoka bila kuaga mtu. Ailsa akamfuata hadi nje, kwenye gari.

"Umenimaliza mbele ya baba yangu."

"Nimeuliza swali la usimulizi."

"Ulitaka niandike nini? Kwamba nilikaa chini nikalia kama mtoto?"

"Ndiyo. Hadithi hiyo ningeipenda maisha yangu yote. Kushindwa kuwaua sijawahi kukulaumu, Garth, hata siku moja. Uliwapenda wale kondoo. Lakini ulichukua maneno yangu ukayavaa wewe, na machozi yako ukanivika mimi."

Garth akaegemea mlango wa gari. Alikuwa analia sasa, na Ailsa akaumia kuona hivyo, kwa sababu bado alikuwa wake.

"Sikudhani ungeumia. Ulisema siri hiyo umenipa."

"Nilikupa unyamaze nayo."

"Nitaiandika upya. Nitakupa jina, nitakupa sauti, nitakupa kila kitu. Ila usirudi mle ndani. Twende nyumbani, nakuomba."

"Hunipi sauti. Ninayo."

"Uliniahidi kunyamaza."

"Tuliahidiana wote wawili. Wa kwanza kusema ni wewe, na ukasema uongo."

"Na harusi?"

Ailsa akamtazama. Alimpenda pale kwenye uzio, alimpenda hata usiku uliofuata. Aliyemshinda ni huyu wa kwenye hadithi.

"Mwambie mama mwenye ukumbi wa harusi ampe mtu mwingine hiyo tarehe," alisema.

"Ailsa."

"Sitakuwa mke wa jikoni kwenye hadithi yako."

Akamwacha hapo. Alipoingia, hakuna aliyekuwa amegusa keki. Wanaume wa baa walikuwa wanatazama viatu vyao. Mzee Merv alisimama kwa tabu, akavua kofia, akabaki nayo kifuani mpaka Ailsa alipofika mbele.

"Tuiahirishe, mwanangu?" Bi Nola aliuliza kwa upole ambao mji haukujua kama anao.

"Hapana, Bi Nola. Tulikuwa kwenye nafsi ya kwanza."

Akafuta ubao wote, akavuta kiti, akaketi akiwatazama.

"Ni mimi niliyepiga," alisema. "Kaeni, niwasimulie."