Upande wa Pili wa Mwerezi

Haya yalimkuta rafiki yangu Darla, jirani yangu huku milimani Skamania. Darla anaamini kwamba Mguu Mkubwa, lile jitu la manyoya, lipo msituni. Kwao wanamcheka, na kaka yake Curtis ndiye kinara. Hata hivyo, Darla alipokwenda kuchuma matunda ya porini, Curtis alimsindikiza akambebea ndoo, asije akawa peke yake.

Ukungu ukashuka, msitu ukaingia giza mchana. Wanaolitafuta jitu hugonga mti kwa gongo, kisha husubiri lijibu. Darla akagonga mwerezi mmoja mnene sana. Kimya.

"Mchumba wako hayupo, dada. Kaenda kunyolewa," Curtis akasema, kiganja chake kikiegemea gome.

"Cheka tu. Iko siku utaniamini."

"Siku akinijibu mimi!" Akachukua gongo, akagonga kwa nguvu.

Ndege wakanyamaza. Kisha kukasikika: ko, ko.

Darla alipomwona kaka yake amebadilika uso, akamhurumia. "Ni mwangwi tu, Curtis," akanong'ona.

Curtis akatikisa kichwa. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye mwerezi, na gome lilikuwa likitetemeka.